Mhariri, "neno lenye herufi hizi" ni maswali manne

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumzie chemshabongo ya herufi mliyoianzisha hivi karibuni katika toleo la Jumamosi, ile inayotoa herufi za jina la mji au mlima wa huku kwetu kaskazini na kumtaka msomaji atafute neno refu la Kiingereza lenye herufi hizo. Mchezo wenyewe sina neno nao, kwani hapa nyumbani kwangu Moshi umewafanya wajukuu wagombanie kamusi badala ya rimoti, jambo ambalo sikutarajia kuliona nikiwa hai. Nilicho na neno nacho ni swali lenu. Limeandikwa kwa Kiswahili laini kinachosomeka bila kukwama, na pamoja na hayo linauliza mambo manne kwa wakati mmoja, kila moja na jibu lake, huku kuponi ikiwa na nafasi ya jibu moja tu.

Wiki ya kwanza mlitoa herufi M, O, S, H, I. Mjukuu wangu wa kike, aliye Kidato cha Tatu, alikaa mezani na penseli tangu alasiri mpaka maharage aliyoachiwa ayaangalie yakaungua, na mwisho akaja na "companionship", neno la herufi 13. Alikuwa na sababu ya kulichagua. Alidhani herufi zinatakiwa zifuatane kama mlivyoziandika, M itangulie, ije O, kisha S, H na I, hata kama katikati yake pamejipenyeza herufi nyingine. Akanionyesha kwa ncha ya penseli: M ni herufi ya tatu ya neno hilo, O ni ya nane, na kuanzia ya kumi S, H na I zimeshikana mkono. Nikampongeza, tukakata kuponi, tukaipeleka.

Jumamosi iliyofuata mkatangaza kwamba neno "refu kuliko yote" ni "accomplishment", lenye herufi 14. Mtoto aliliangalia kwa muda, kisha akauliza, "Babu, mbona hapa O imetangulia M?" Sikuwa na jibu la kumpa. Kama mpangilio ulikuwa sharti, neno lenu halifai. Kama haukuwa sharti, basi mjukuu wangu alifanya mtihani mgumu kuliko wenzake na akashindwa kwa herufi moja. Isitoshe, angeongeza tu S ya wingi angefikisha herufi 14 na mpangilio ungebaki vilevile, lakini hakuthubutu, kwa sababu hamkusema kama wingi unakubaliwa.

Chanzo cha mkanganyiko huu ni "-enye". Mtu akiagiza chai yenye maziwa hatarajii kukuta kikombeni hamna majani wala sukari; anachotaka ni kwamba maziwa yawemo. "Neno lenye herufi M, O, S, H, I" nalo ni vivyo hivyo: herufi hizo tano ziwemo, kwa mpangilio wowote, na nyingine zikiwepo hazikatazwi. Hiyo ndiyo maana ya kwanza, na kwa sarufi yetu ndiyo ninayoiona kuwa na haki zaidi. Maana ya pili ni ile ya mjukuu wangu, ya herufi kuwemo kwa kufuatana, ambayo mtu huipata kwa sababu mmeziandika kwa mfuatano unaotamkika kuwa jina la mji, na jina la mji mtu halivurugi bila kuambiwa. Majibu yake yapo, na baadhi ni mazuri kweli: "demolishing", "admonishing", na "championship", ambalo kila shabiki wa mpira amelisoma mara elfu bila kujua kwamba Moshi imelala humo ndani.

Maana ya tatu ni ya yule anayeona vijisanduku vitano gazetini na kudhani amekabidhiwa herufi hizo tu, aunde nazo neno, kila moja aitumie mara moja. Hivyo ndivyo unavyochezwa mchezo wa televisheni ya Uingereza ulioanza kurushwa tarehe 2 Novemba 1982, ambamo washindani wawili hupewa herufi 9 na sekunde 30. Waingereza nao waliutoa Ufaransa, ambako ulianza mwaka 1965 kwa jina ambalo kwa Kiswahili ni "Neno Refu Kuliko Yote". Kwa maana hiyo ya tatu, Kiingereza kinajitetea kwa shida mbele ya MOSHI: nimepata "ohms", "shim" na "mosh", maneno ya herufi nne nne, na katika kamusi nilizonazo sikuliona la herufi tano. Kiswahili ndicho kinachozimaliza zote tano bila kutoka jasho, maana ukizichanganya unapata SHIMO. (Nimewahi kumsikia kondakta akitania kwamba barabara fulani ya mjini kwetu inathibitisha jambo hilo. Nayaacha hayo kwa halmashauri.)

Maana ya nne inafanana na ya tatu, ila herufi unaruhusiwa kuirudia. Gazeti la New York Times lina mchezo wa namna hiyo: herufi saba zimepangwa mfano wa sega la nyuki, ile ya katikati ni lazima iwemo, neno lisipungue herufi nne, na kila herufi unaweza kuitumia upendavyo. Kwa kanuni hiyo ya kurudia, MOSHI inatoa "mishmosh", neno la herufi nane lenye maana ya vitu vilivyochanganywa ovyo, na humo hamna hata herufi moja ya kuazima.

Basi hesabu mwenyewe, Mhariri. Kuponi moja, swali moja, na wasomaji wanne waliosoma vizuri wanaweza kuleta "accomplishment", "championship", "shim" na "mishmosh", wote wakiwa na haki.

Tuseme sasa kwamba maana ya kwanza ndiyo mliyoikusudia, kama jibu lenu linavyoonyesha. Hapo linakuja tatizo la "refu kuliko yote". Swali lilitaka "neno refu". Jibu likadai kuwa ni refu kuliko yote. Hayo ni madai mazito, na hayakuwa ya kweli. Katika kamusi ya kawaida ya shule, ambayo mjukuu wangu anaibeba kwenye begi kila siku, limo neno "anthropomorphism", lenye herufi 16, maana yake kuwavika wanyama au vitu tabia na akili za watu, kama anavyovikwa sungura katika hadithi zetu. Herufi za Moshi zimo zote. Limewazidi kwa herufi mbili, na halikuhitaji maktaba.

Hapa naomba radhi nijieleze kidogo, kwa sababu mtu anaweza kushangaa mzee kama mimi anajuaje mambo haya. Kabla ya kustaafu nilikuwa mpanga herufi katika kiwanda kidogo cha uchapaji, enzi ambazo kila herufi ilikuwa kipande cha risasi unachokiokota kwa vidole na kukisimamisha kwenye mstari, ukikisoma kinyumenyume kama maandishi kwenye kioo. Masanduku yetu ya herufi yalitengenezwa kwa ajili ya Kiingereza: chumba cha E kilikuwa kikubwa kuliko vyote, kikiwa katikati palipo karibu na mkono, na cha A kilikuwa kidogo kuliko hicho. Tulipopata kazi ya Kiswahili, A zilikuwa zikiisha kabla ya kurasa kujaa, K nazo zikizifuata, ikabidi tuchape nusu ya kazi, tuzivunje kurasa, turudishe herufi chumba kwa chumba, ndipo tuanze nusu iliyobaki. Q na X zilikaa na vumbi lake, kwa kuwa Kiswahili hakina kazi nazo. Mtu akifanya kazi hiyo miaka mingi huacha kuona maneno. Huona herufi, na hujua ipi itamkwamisha.

Kwa muda mrefu nilidhani H ni nyingi mno katika Kiingereza, kwani ilikuwa ikitumika sana. Baadaye nikatambua kwamba wingi huo unaletwa na vineno vichache vinavyorudi kila mstari, kama "the", "that", "he" na "have". Ukifungua kamusi, ambamo neno huandikwa mara moja tu, H si nyingi kiasi hicho. Alfred Butts, msanifu majengo wa Marekani aliyebuni mchezo wa Scrabble, wa kuunda maneno kwa vigae vya herufi, katika miaka ya 1930, alihesabu herufi magazetini kabla ya kugawa vigae vyake 100. E ilipata 12, I ikapata 9, O ikapata 8 na S ikapata 4, lakini M na H zimepewa viwili viwili tu. Kwa hiyo anayeitafuta MOSHI asijisumbue na O wala I, ambazo atazikuta kila anapopita. Aanze na M na H, kwani hizo ndizo zitakazomwangusha.

Na aanzie mwisho wa neno. Hili nilimfundisha mjukuu wangu baada ya kushindwa kwa "companionship", na ninaona ndilo la manufaa zaidi katika mchezo mzima. Sisi tunaozungumza Kiswahili tumezoea kulitambua neno kwa kichwa chake, kwa sababu huko mbele ndiko zilikokaa ngeli, nafsi na wakati. Mama muuza ndizi wa Kiboriloni anaweza kusema "watakapotuandikishia", herufi 20, na hakuna atakayegeuka kumtazama. Sikio limeshashika "wa-" na "-taka-" na kujua ni akina nani na ni lini. Neno refu la Kiingereza hujengwa zaidi kwa kurefushwa mkia. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: ni mkia gani ulio na herufi zangu nyingi kwa mkupuo mmoja?

Tuchukue mkia wa "-ism". Humo mna I, S na M. Zimebaki H na O pekee, na ukitafuta maneno ya "-ism" yaliyo na H na O utakutana na "hypothyroidism", herufi 14, kisha lile la sungura. Mkia wa "-ship" una S, H na I. Unadaiwa M na O, na hapo ndipo zilipotoka "championship" na "companionship". Ukiusogeza mkia huo nyuma kidogo ukawa "-manship", umeshapata herufi nne na unadaiwa O tu: "workmanship", "showmanship", "horsemanship", "sportsmanship". Mkia wa "-ishment" nao una nne, unadaiwa O: "astonishment", "admonishment", na hilo "accomplishment" lenu. Mjukuu wangu alipoona hivyo alinyamaza, kisha akachukua daftari la hesabu na kuanza kuorodhesha mikia yote anayoijua. Amejaza kurasa tatu. Katika pitapita hiyo amegundua pia kwamba Moshi imo ndani ya "homesick", yaani kuumwa na hamu ya nyumbani ukiwa mbali, na imo ndani ya "moonshine", yaani gongo. Msomaji achague mwenyewe.

Najua kuna watakaosema kwamba hakuna haja ya mikia, mtu achukue tu lile neno refu linalojulikana duniani kote na kuliandika. Nilijaribu, Mhariri, na matokeo yalinifurahisha kuliko nilivyotarajia, kwa sababu majitu yenyewe yalianguka moja baada ya jingine mbele ya herufi tano za mji wetu. Neno refu kuliko yote katika kamusi kubwa ya Oxford ni "pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis", herufi 45. Lilitungwa mwaka 1935 na Everett Smith, aliyekuwa rais wa chama cha wapenda mafumbo cha Marekani, kwa lengo hasa la kuwa refu, likapewa maana ya ugonjwa wa mapafu uletwao na vumbi jembamba la mawe. (Mchimbaji wa Mererani anayekohoa vumbi hilo hahitaji herufi 45 kumweleza daktari.) Lipitie taratibu kwa kidole: M ipo, O zipo tele, S zipo, I zipo. H haimo. Neno lote hilo, na H haimo.

La "floccinaucinihilipilification", herufi 29, ambalo limeonekana katika maandishi tangu mwaka 1741 na maana yake ni kukichukulia kitu kuwa hakina thamani, lina H, lina O, lina I za kumwaga, lakini halina M wala S. "Antidisestablishmentarianism", herufi 28, msimamo wa wale waliopinga Kanisa la Uingereza kutenganishwa na dola, ndilo lililonidanganya kwa muda mrefu kuliko yote. Lina mkia wa "-ism", lina "-ishment" tumboni, mtu angeapa kwamba limekamilika. Lisome tena, halina O! Niliamka usiku kwenda kulihakikisha.

Lililobaki ni la Shakespeare, "honorificabilitudinitatibus", herufi 27, ambalo katika mojawapo ya tamthilia zake linatamkwa na mchekeshaji Costard. Mwalimu Nyerere, aliyetafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, alichagua nyingine mbili, nami sithubutu kumlaumu. Neno hilo nalo halina M. Lakini limeibeba ARUSHA nzima, pamoja na A zake zote mbili. Ndugu zetu wa Arusha wataniudhi kwa hilo kwa muda mrefu, maana Shakespeare amewakumbuka wao na sisi akatusahau.

Neno lililoikubali Moshi nililipata katika lugha ya madaktari, nalo ni "pseudopseudohypoparathyroidism", herufi 30. Lilianza kutumiwa na daktari wa Marekani Fuller Albright na wenzake mwaka 1952, kumwelezea mgonjwa wa kurithi mwenye umbo fupi na mifupa mifupi ya mikono kama wa ugonjwa mwingine unaofanana na huo, ila kalisi ya damu yake ni ya kawaida. Tiki herufi moja moja: M ipo mwisho kabisa, O zipo nne, S zipo tatu, H zipo mbili, I zipo mbili. Na kama mtu atauliza habari za Arusha, A zimo mbili katika "para", na R, U, S, H zote zimo. Miji yote miwili ndani ya ugonjwa mmoja. Sasa linganisha herufi 30 na zile 14 mlizoziita "refu kuliko yote".

Huo ulikuwa mwanzo tu, kwani wiki ya pili mlitoa ARUSHA, na hapo swali likapata mtego wa tano. Jina hilo lina herufi sita, lakini aina zake ni tano, kwa sababu A imerudiwa. Je, neno linatakiwa kuwa na A mbili au moja inatosha? Hamkusema. Mjukuu wangu, aliyekwisha umwa na nyoka mara moja, aliamua kutimiza sharti gumu zaidi, akapeleka "authorisation", herufi 13, lenye A mbili, R, U, S na H. Jibu lenu likatoka: "thesaurus", herufi 9. Ni neno zuri, na nakiri linapendeza kwamba ni jina la kitabu cha maneno. Ila A yake ni moja. Herufi za ARUSHA zinazomo humo ni tano tu; ya sita imeachwa stendi.

Lililoniuma zaidi ni ile sentensi mliyoiweka chini yake, kwamba baadhi ya wasomaji walipeleka "authorisation" na kwamba hilo si neno sahihi, kwa kuwa tahajia yake ni ya Z na kwa hiyo halina S. Nadhani aliyehakiki aliliandika kwenye simu iliyopangwa kwa Kiingereza cha Marekani, simu ikalipigia mstari mwekundu, naye akaiamini. Shuleni kwetu watoto hufundishwa tahajia ya Uingereza, ambayo inakubali S katika neno hilo. Nitakuwa mkweli hapa, maana jambo lenyewe lina pande mbili: kamusi za Oxford zenyewe hutanguliza Z katika maneno ya namna hiyo na kuiweka S kuwa namna nyingine. Namna nyingine si kosa. Mtoto aliyeambiwa gazetini kwamba amekosea, ilhali mwalimu wake wa Kiingereza angempa tiki kwa neno hilohilo, amedhulumiwa, na waliopeleka neno hilo hawakuwa mmoja, kwani ninyi wenyewe mmesema "baadhi".

Nilimwendea kijana wa jirani anayesomea kompyuta Arusha, alipokuja likizo, nikamwomba aniwekee mambo sawa kwa programu. Alikuwa na orodha ya maneno ya Kiingereza, laki kadhaa, neno moja kila mstari. Nilipomsomea swali lenu jinsi lilivyo, hakuanza kuandika. Aliinua kichwa akaniuliza, "Mzee, unataka herufi ziwemo tu, au ziwe hizo peke yake? Na zifuatane? Na ikirudiwa inahesabiwa?" Nikacheka mpaka akadhani nimeudhika. Maswali yale yale yaliyotugharimu wiki mbili, yeye aliyauliza kabla ya kugusa kibonyezo, kwa sababu kompyuta haikubali "-enye". Ukitaka ziwemo tu, unaiambia itazame kila neno na kulitupa lisilo na M, kisha lisilo na O, na kuendelea hivyo, halafu yaliyobaki yapangwe kwa urefu. Ukitaka kujua maneno yanayoundwa na herufi zilezile, kuna ujanja mwingine alionionyesha, wa kuzipanga herufi za kila neno kwa mfuatano wa alfabeti. MOSHI inakuwa HIMOS, SHIMO nayo inakuwa HIMOS, na yenye sura moja hukusanyika pamoja yenyewe. Tulicheza na Kiswahili mpaka magharibi: SAMAKI na MASIKA, SAFARI na FARASI, SIMBA na MSIBA, HARUSI na USHARI, na moja inayokuhusu wewe, Mhariri, BAHARI na HABARI.

Wapo waliokwisha niambia kwamba simu imeua mchezo huu na kwamba mngeufuta. Sikubaliani nao. Anayetumia simu atapata neno na hataujua mkia wake, shauri lake. Ninachoomba ni swali lipangwe kama lilivyotakiwa na yule kijana. Kama mnakusudia herufi ziwemo tu, andikeni "neno ambalo ndani yake zimo herufi hizi zote, kwa mpangilio wowote, pamoja na nyingine". Kama mnakusudia hizo peke yake, andikeni "neno linaloundwa kwa herufi hizi tu", mkieleza kama kurudia kunaruhusiwa. Semeni ni kamusi ipi itakayoamua, na toleo lipi, iwe ya kupatikana katika maktaba ya mkoa ili asiye na simu asiachwe nyuma. Semeni habari ya wingi, na habari ya S na Z. Na neno la mshindi liitwe "refu kuliko yaliyotufikia", ambayo ni kauli mnayoweza kuithibitisha kwa kufungua bahasha. Kuhusu waliopeleka "authorisation", mistari miwili ya marekebisho katika kona ileile inatosha, sidai zawadi.

Wiki hii mmetoa MERU, kwa maneno yaleyale ya zamani. Kwa maana ya kwanza jibu ni lile jitu la herufi 45, ambalo safari hii limekamilika, M, E, R na U zote zimo, lakini kuponi yenu ina vijisanduku 20. Kwa maana ya nne, ya herufi hizo tu na kurudia ruhusa, mjukuu wangu amepata "murmurer", herufi nane, yaani mnung'unikaji. Ameyaandika yote mawili, la kwanza akilipitisha ukingoni mwa kuponi na kulizungusha nyuma, na amenihakikishia kwamba hilo la pili hakulichagua kwa ajili yangu. Bahasha nimeifunga mimi mwenyewe, na barua hii imo ndani yake.

Mpanga herufi mstaafu,
Moshi